Milio ya tik-tik kwenye rekodi za miksa ya USB: mambo ya kukagua kabla ya kutuma kipindi

Tangu taasisi yetu ianze kupokea vipindi vinavyorekodiwa na vituo vyenyewe kwa kompyuta za Linux, malalamiko kuhusu faili zinazorudishwa yameongezeka. Barua zinazotufikia zinafanana: miksa ni mpya, waya ni mpya, maiki haina shida, mtangazaji hakugusa meza, lakini kila baada ya muda sauti inapiga tik. Wapo wanaolaumu miksa, wapo wanaolaumu Linux, na wapo waliokwisha kununua kompyuta nyingine bila kupata nafuu. Tunaamini kila kituo kinataka kutuma kazi safi. Kwa sababu hiyo kitengo cha ufundi kinatoa maelezo haya kwa wote wanaorekodi, wawe wanatutumia vipindi au la.

Kwanza ieleweke mlio huo unatoka wapi. Miksa ikifanya kazi kwa Hz 48,000, kila milisekunde moja hupitisha sampuli 48 (vipimo vya kimo cha wimbi la sauti) za kila chaneli kwenye waya wa USB. Kompyuta huzipokea na kuziweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, kisha programu ya kurekodia huja kuzichukua. Programu ikichelewa, bafa hujaa na sampuli zinazofuata hukosa mahali pa kukaa, zikapotea. Pale zilipopotea wimbi la sauti huruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine, na mruko huo ndio tik mnayoisikia. Kwenye Linux tukio hili huitwa xrun.

Kwa hiyo programu za kusafisha sauti si tiba. Tumelisema hili kwenye mafunzo na tunalirudia: zinalainisha mruko, lakini silabi iliyopotea hairudi. Faili iliyopitishwa humo hutambulika kwenye ukaguzi, na hurudishwa kama nyingine.

Pili, hakikisheni kwamba mlio mnaoulalamikia ni huo. Likuzeni wimbi kwenye kihariri hadi muone sampuli mojamoja. Mstari unaopanda au kushuka wima, kisha wimbi likaendelea kana kwamba limeungwa vibaya, ni sampuli zilizopotea. Kilele kilichokatwa bapa ni sauti iliyoingia kwa nguvu kupita kiasi. Punguzeni geini hadi vilele vikae karibu na dB -12. Viwimbi vidogo vya mviringo ni mate na ulimi wa msemaji. Mvumo usiokoma ni umeme: ukitoweka laptopu inapokaa kwenye betri, chanzo ni chaja na njia ya ethi, na hakuna mpangilio wa Linux utakaouondoa.

Kipimo tunachokitegemea zaidi ni kurekodi moja kwa moja kupitia ALSA, sehemu ya Linux inayoendesha vifaa vya sauti, bila programu nyingine katikati. Fungeni kila kitu, tazameni jina la miksa, kisha rekodini dakika kumi:

cat /proc/asound/cards
arecord -D hw:CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 600 jaribio.wav

Mahali pa CODEC wekeni jina lililoonekana kwenye amri ya kwanza. Mkiambiwa kifaa kinatumika, mara nyingi ni dirisha la kurekebisha sauti lililoachwa wazi. Lifungeni, subirini sekunde chache. Kila bafa inapojaa na sampuli kupotea, arecord huandika neno overrun kwenye skrini. Dakika kumi zikipita bila neno hilo na rekodi ikawa safi, miksa na waya havina kosa, na tatizo liko juu: PipeWire au JACK (programu zinazopitisha sauti kati ya kifaa na programu nyingine), au programu yenyewe ya kurekodia. Neno likitokea, tafuteni chanzo kwenye kompyuta. Na ikiwa tik inasikika lakini arecord haikuandika chochote, someni ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux) kwa journalctl -k, mkague tundu la USB, waya na habu. Kituo ambacho hakijafanya jaribio hili hakiwezi kusema miksa ni mbovu, na sisi hatuwezi kuipokea.

Kuhusu kiwango cha sampuli, chagueni Hz 48,000 kila mahali: kwenye mradi, kwenye PipeWire na kwenye miksa. Viwango ambavyo miksa inavikubali vimeandikwa kwenye /proc/asound/card1/stream0, namba ya kadi ikibadilika kulingana na kompyuta. Miksa ndogo nyingi zimejengwa juu ya chipu kama PCM2902 ya Texas Instruments, yenye biti 16, na 48,000 inaiweza bila taabu.

Suala la bafa ndilo linalotuchosha. Tunapokea picha za skrini zenye bafa ya sampuli 64, kwa maelezo kwamba namba ndogo ndiyo sauti bora. Si kweli. Ukubwa wa bafa haugusi ubora wa sauti hata kidogo; unaamua tu programu imepewa muda gani kabla haijachelewa. Kwa Hz 48,000, sampuli 64 ni milisekunde 1.3. Sampuli 1,024 ni milisekunde 21. Anayehitaji muda mfupi ni mwanamuziki anayejisikiliza kupitia kompyuta huku akipiga gitaa lenye madoido. Mtangazaji mwenye miksa anajisikia moja kwa moja kwenye hedifoni zilizochomekwa kwenye miksa, sauti yake haijafika hata kwenye kompyuta. Anabana bafa kwa faida ipi? Wekeni 1,024, au 2,048 kwa kompyuta ya zamani:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-rate 48000
pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

Mipangilio hii hudumu hadi PipeWire iwashwe upya. Kuiondoa, rudieni amri hizo kwa kuweka 0 mwishoni. Kisha fungueni pw-top na mtazame safu ya ERR, inayohesabu makosa hayo, wakati mkirekodi. Namba ikitulia, mmefaulu. Ikipanda kila mnapofungua kivinjari, jibu mnalo. Wanaotumia JACK wapange vipindi vya bafa (sehemu ambazo bafa imegawanywa) viwe 3 badala ya 2, kwa kuwa data ya USB haifiki kwa mwendo ulio sawa na wa kadi ya ndani.

Kuna kosa lingine ambalo ni gumu kulitambua, nalo ni kutumia vifaa viwili kwa pamoja: miksa kwa kurekodi, na kadi ya ndani ya laptopu kwa kusikiliza. Kila kimoja kina saa yake, na saa mbili haziendi sawa kamwe. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, ambayo ni ya kawaida kabisa, huzaa sampuli 2.4 za ziada au za pungufu kila sekunde. Hatimaye bafa ya katikati hujaa au hukauka, tik ikasikika, na hesabu ikaanza upya. Dalili yake ni mlio unaojirudia kwa vipindi vinavyokaribiana urefu. PipeWire hujitahidi kufidia tofauti hiyo, lakini wakati wa kurekodi hakuna haja ya kuitwisha kazi hiyo. Chagueni miksa iwe kifaa cha kuingiza na cha kutoa sauti.

Mengine ni ya haraka. Chomekeni miksa kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye habu inayobeba flashi na kipanya. Amri lsusb -t itaonyesha nani anagawana njia na nani. Rekodini kwenye diski ya ndani. Zimeni waifai. Chagueni hali ya nguvu kamili badala ya ya kuokoa betri. Wengi wanalaumu USB kulazwa ili kuokoa umeme, lakini kifaa kinachotiririsha sauti hakilazwi. Kulazwa kunaweza kuleta mlio mwanzoni mwa rekodi, si katikati yake. Hakikisheni pia mtumiaji ana ruhusa ya kipaumbele cha muda halisi, yaani programu yake ya sauti ihudumiwe kabla ya nyingine. Wala msibadilishe kerneli kwa sababu ya tatizo hili. Ni kweli PREEMPT_RT, nyongeza ya kuhudumia kazi zisizoweza kungoja, imeingizwa kwenye kerneli kuu kuanzia toleo la 6.12 la mwaka 2024, lakini kwa bafa ya 1,024 kerneli ya kawaida inatosha. Mabadiliko yoyote kwenye kompyuta ya ofisi yafanywe kwa idhini ya msimamizi wake. Taasisi haitabeba hasara ya mashine iliyoharibiwa kwa amri zilizookotwa mtandaoni.

Sasa utaratibu. Faili ikionekana kuwa na sampuli zilizopotea, hurudishwa pamoja na fomu ya marekebisho, na kituo hupewa saa 72 kuwasilisha upya. Saa hizo huhesabiwa tangu fomu ilipotumwa, si tangu ilipofunguliwa, na Jumamosi na Jumapili zimo ndani yake. Faili ikirudishwa mara ya pili, nafasi ya kipindi kwa wiki hiyo hupewa kituo kingine na posho ya urekodi haitolewi. Mara ya tatu ndani ya robo mwaka, miksa iliyotolewa kwa mkopo hurejeshwa kwetu kwa ukaguzi. Maombi ya kuongezewa muda huandikwa na mkuu wa kituo, si na fundi, na yafike kabla saa 72 hazijaisha. Ombi linalosema tu kwamba kompyuta ni ya zamani halikubaliwi.

Fomu iambatane na jaribio.wav, nakala ya yaliyoandikwa kwenye stream0, jibu la uname -r (toleo la kerneli), na namba ya ERR kabla na baada ya kurekodi. Jaribio libaki katika WAV kama lilivyotoka kwenye arecord. Msiligeuze kuwa MP3, kwa sababu ukandamizaji hulainisha kingo za mruko uleule tunaoutafuta.