Kwa nini vijana hawakai kwenye klabu zetu

Kazi yangu ni kuzishauri klabu za mpira wa miguu za Unguja na Pemba kuhusu wafanyakazi wao: makocha, madaktari wa timu, watunza vifaa, vijana wanaorekodi mechi. Wazee wananilalamikia kila siku kwamba vijana wa sasa hawana mapenzi na klabu, wanatazama pesa tu. Mimi sikubali.

Tazama KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ na Zimamoto. Zote ni timu za idara maalum, yaani vikosi, vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Wengi walioingia huko kwa kipaji cha mpira waliajiriwa askari. Goti likiharibika, mshahara upo. Ukifika umri wa kustaafu, kuna kiinua mgongo na pensheni. Mzee wa namna hiyo akisema ameitumikia timu yake maisha yake yote, ni kweli, na namheshimu. Lakini uaminifu wake ulikuwa na pa kuegemea.

Kijana anayemaliza skuli leo na kuingia klabu ya mtaani hana hayo. Namjua mmoja anayechambua mechi kwa video. Kompyuta ni yake, bando ni lake, na makubaliano yake na klabu ni ya mdomo tu. Nilipomuuliza anataka nini kazini, hakuanza na mshahara. Alitaka jina lake liandikwe kwenye ripoti anazotayarisha, na apewe barua ya kuthibitisha kuwa amefanya kazi pale. Akiondoka, hivyo ndivyo atakavyokwenda navyo kuombea kazi kwengine.

Na suala la kuondoka lazima alifikirie. Mchezaji Feisal Salum alitoka JKU akaenda Yanga ya Dar es Salaam mwaka 2018, na njia hiyo haiwavutii wachezaji peke yao. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipa Zanzibar uanachama kamili Machi 2017, ikauondoa Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi na timu ya taifa inayowania AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, hana budi kupitia Tanzania Bara.

Kiongozi mmoja aliniambia kijana ukimpa mkataba atapanda kichwa. Nikamuuliza, "Mzee, barua yako ya ajira ikoje?" Akasema anayo mpaka leo, kaifungia kabatini.

Basi na kijana naye aandikiwe, hata kama ni kwa msimu mmoja: kazi zake, malipo yake, na siku ya kulipwa. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ina mpango wa kuchangia kwa hiari kwa wasio na ajira rasmi. Klabu ianze kumchangia mtunza vifaa wake huko, kabla haijasajili mshambuliaji mwengine.