Kamera Imevuka Mstari. Halafu?

Juzi hapa Moshi tulionyesha filamu fupi niliyoihariri, ya baba na mwana wanaogombea kihamba, shamba la ukoo. Kijana wa kwanza kunyoosha mkono hakuuliza habari ya baba wala ya mwana. "Kaka, pale katikati umekosea, kamera imevuka mstari." Ni wa tatu mwezi huu. Naandika ili wa nne asome kwanza.

Mstari wa nyuzi 180 ni jambo jepesi: wawili wakizungumza, chora akilini mstari unaowaunganisha; kamera inabaki upande mmoja wa mstari huo, huyu atazame kulia na yule kushoto. Ukivuka, mtazamaji hajui tena nani yuko wapi. Kwenye ngumi na kufukuzana naufuata bila ubishi.

Ila filamu ninayoipenda kuliko zote ni Tokyo Story ya mwongozaji wa Kijapani Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda kuwaona watoto wao Tokyo, na watoto hawana nafasi nao. Ozu anauvuka mstari huo kila mara. Anayezungumza hutazama karibu kabisa ndani ya lenzi, na mwenzake akijibu hutazama hapo hapo. Mara ya kwanza nilichanganyikiwa. Mara ya tatu nikamwona mama yangu. Sisi huku tunapanda mlimani kila Desemba, magari yanajaa vijijini, na Januari mama anabaki na migomba yake. Ozu angeufuata mstari, yule mama wa Kijapani angekuwa anamtazama mwanawe pembeni ya skrini. Ananitazama mimi.

Sasa msije mkaniambia Ozu hakuwa na kanuni, maana hilo nalo linanichosha. Alikuwa nazo, kali kuliko za darasani: kamera chini, usawa wa mtu aliyeketi mkekani, lenzi ya milimita 50, na kamera haitembei ila kwa nadra sana. Anayevuka mstari kwa sababu hakupanga shoti zake asijifunike kwa jina la Ozu.

Walter Murch, mmoja wa wahariri wa filamu ya Apocalypse Now, aliwahi kuupimia alama mkato, yaani pale shoti moja inapoipisha nyingine. Hisia aliipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10. Mambo ya mstari yako kwenye fungu la asilimia 5. Vijana wangu watatu wanaanzia hapo kwenye 5.

Mimi nilivuka pale baba anapotamka kwamba kihamba ameshakiuza. Nilitaka ardhi imgeuke yule mwana, kulia kwake kuwe kushoto. Mama mmoja ukumbini alishika kichwa. Ila neno "nimekiuza" peke yake lingemshikisha kichwa mama yeyote wa Kilimanjaro, na sina namna ya kujua kama mkato ulisaidia. Nimetengeneza toleo jingine lisilovuka. Kuna siku naliona limetulia zaidi, hata baba anaonekana mpweke zaidi. Jana usiku nimelirudisha lile la kwanza.