Waairishi na Palestina: mambo tunayoyakosea

Kila Ireland ikitoa tamko kuhusu Gaza watu washaanza kubishana mtandaoni, huyu anasema hao wamewachukia Wayahudi toka enzi za mababu, yule anasema hao ni ndugu wa Wapalestina tangu siku ya kwanza, na wote wawili wanaongea kwa uhakika kabisa. Inaniuma kuona historia nzito hivi inasemwa nusunusu, kwa hiyo ngoja tuzichukue hizi dhana tuone ukweli ukoje.

"Ireland imekuwa upande wa Palestina tangu mwanzo"

Hapana jamani, na hapa ndo pa kukaa sana maana ndo watu wengi wanapopotea.

Rudi miaka ya 1920 mpaka 1940 na kitu hivi. Muairishi wa wakati ule akiangalia kule Palestina, iliyokuwa chini ya Mwingereza, aliyemuona anafanana naye alikuwa Myahudi. Watu waliotawanyika duniani, walioonewa sana, lugha yao ya zamani wanaifufua (na Waairishi nao walikuwa wanahangaika na yao), halafu anayewabania ni yule yule Mwingereza. Chukua Yitzhak HaLevi Herzog, rabi mkuu wa Ireland mpaka 1936, mtu aliyeunga mkono uhuru wa Ireland waziwazi, akatoka hapo akaenda kuwa rabi mkuu Palestina. Mwanae Chaim alizaliwa Belfast mwaka 1918, akakulia Dublin, akaja kuwa rais wa Israel, na mjukuu wake Isaac naye akawa rais 2021. Kuna Robert Briscoe, Myahudi wa Dublin, aliyewatafutia silaha IRA, jeshi la wapigania uhuru wa Ireland, wakati wa vita vya uhuru, baadaye akawa mbunge miaka mingi na 1956 akawa meya wa Dublin, na huyohuyo miaka ya 1930 alimsaidia Jabotinsky, kiongozi mmoja wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wawe na taifa lao Palestina. Na Yitzhak Shamir, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel, enzi anapigana na Waingereza chinichini jina lake la siri lilikuwa Michael, kalichukua kwa Michael Collins, kamanda wa Ireland. Yaani walikuwa wanasoma kutoka kwa Waairishi jinsi ya kumtoa Mwingereza.

Kwa hiyo mtu akikwambia hawa walizaliwa na chuki na Israel, hajui anachosema.

Kilichogeuza mambo ni kwamba picha yenyewe ilibadilika. Kwanza likaja suala la kugawa nchi. Ireland ilikatwa vipande viwili 1921 na kidonda kile mpaka leo hakijapona vizuri, sasa 1937 tume ya Waingereza inakuja na pendekezo la kuikata Palestina nayo, na de Valera, kiongozi wa Ireland, akalipinga kule Geneva kwenye Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Hakuwa anawachukia Wayahudi, katiba yake ya mwaka huohuo 1937 iliwataja Wayahudi kwa jina kati ya dini zinazotambuliwa nchini, jambo ambalo Ulaya ya wakati ule si dogo. Alichokuwa anakataa ni ule mkasi wa Mwingereza. Halafu ikaja vita ya 1967 kati ya Israel na nchi za Kiarabu, Israel ikakalia ardhi za Wapalestina, wakaja wakimbizi na makazi ya walowezi, na Muairishi wa kizazi kile akaanza kumuona Mpalestina ndo yuko mahali alipokuwa babu yake. Kwao neno mlowezi halikuwa geni, Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, ilijazwa walowezi kutoka Uskoti na Uingereza kuanzia 1609, wenyeji wakasukumwa pembeni.

"Wanajifananisha tu, hakuna uhusiano wowote wa kweli"

Upo, tena una majina ya watu.

Arthur Balfour, yule wa tamko la Novemba 1917 lililowaahidi Wayahudi makao Palestina, kabla ya hapo alikuwa waziri wa Uingereza aliyesimamia Ireland kuanzia 1887 mpaka 1891. Mwaka wake wa kwanza tu polisi waliwapiga risasi watu kwenye mkutano kule Mitchelstown, wakafa 3, naye akawatetea polisi, Waairishi wakambatiza jina Balfour wa Damu. Na kwa sisi huku Afrika Mashariki jina hilo linatuhusu pia, maana 1903 Uingereza ilipowaambia Wazayuni wachukue ardhi ya Uasin Gishu, ule mpango ulioitwa wa Uganda ingawa ardhi yenyewe leo ni Kenya, waziri mkuu alikuwa huyohuyo Balfour. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuulizwa kitu.

Alafu kuna Black and Tans. Hawa ni askari polisi wa Mwingereza waliopelekwa Ireland 1920 kuwapiga wapigania uhuru, wakachoma nyumba, wakaua raia. Ireland ilipopata serikali yake 1922 kikosi kikavunjwa, unajua walienda wapi? Mamia yao wakaingizwa kwenye kikosi kipya cha polisi Palestina, wengine kati yao Waairishi kabisa waliokuwa wanamtumikia Mwingereza, na bosi wa polisi waliokuwa naye Ireland, jenerali Henry Hugh Tudor, akaenda nao. Na Ronald Storrs, gavana Mwingereza wa Jerusalem, ameandika mwenyewe kwamba walitarajia kupata Ulster ndogo ya Kiyahudi yenye utiifu katikati ya Waarabu ambao huenda wakawa maadui. Mfano wa Ireland na Palestina haukubuniwa na wanaharakati wa juzi, mkoloni mwenyewe ndo aliuandika.

"Yote haya ni kwa sababu ya IRA na PLO"

Urafiki wa IRA na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ulikuwepo, sawa. Ila IRA ya miaka hiyo sio tena ile ya vita vya uhuru, na serikali ya Dublin yenyewe ilikuwa inapambana nayo, inawafunga watu wake, kwa hiyo huwezi kusema sera ya nje ya nchi ilitoka huko. Ukitaka sababu ambayo watu wanaisahau kila siku mimi nitakwambia Lebanon.

Toka 1978 Ireland imepeleka wanajeshi kusini mwa Lebanon kwenye kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, maelfu kwa maelfu, nchi ndogo ile. Waliofia huko ni 48. Sio wote waliouawa na upande wa Israel, wengine ni ajali na wa mwisho aliuawa Desemba 2022 katika eneo lenye wafuasi wa Hezbollah, kundi la Lebanon lililo adui wa Israel, lakini Aprili 1980 wanamgambo waliokuwa wanasaidiwa na Israel waliwateka askari wawili wa Ireland wakawaua, na jambo lile liliwakaa watu rohoni. Fikiria nchi ambayo karibu kila kijiji kina baba au mjomba aliyekaa miezi 6 kule mpakani, akarudi na alichokiona kwa macho yake, akakisimulia mezani na jikoni kwake. Hiyo ina nguvu kuliko hotuba yoyote ya mwanasiasa, na nashangaa sana wachambuzi wanaoruka hapa.

"Walianza baada ya Oktoba 2023, vita ya Gaza ilipoanza"

Februari 1980, Brian Lenihan, waziri wa mambo ya nje, alitoa tamko akiwa Bahrain kwamba Wapalestina wanastahili taifa lao. Ireland ikawa ya kwanza kusema hivyo kati ya nchi za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, miezi michache baadaye wenzake wakatoa lao kule Venice. Kuitambua rasmi Palestina ndo kukaja Mei 28, 2024, pamoja na Hispania na Norway, na Desemba mwaka huo Israel ikasema inafunga ubalozi wake Dublin.

"Ni chuki dhidi ya Wayahudi tu" na pacha wake "Ireland haijawahi kuwa na chuki hiyo"

Zote mbili zinakosea na inabidi tuwe wakweli hapa hata kama inauma. Kuikosoa serikali ya Israel sio kumchukia Myahudi. Lakini Ireland sio malaika. Mwaka 1904 kule Limerick padri mmoja, John Creagh, alihubiri dhidi ya Wayahudi wa mji akawaambia waumini wasinunue kwao, familia zikateseka na baadhi zikahama. Wakati wa Wanazi Ireland ilipokea wakimbizi wa Kiyahudi wachache mno, na Mei 1945 de Valera alienda kumpa pole balozi wa Ujerumani kwa kifo cha Hitler, kwa hoja ya kutoegemea upande, kosa kubwa ambalo mi siwezi kulitetea. Leo Wayahudi nchini ni elfu mbili na ushee tu, na wapo wanaosema wazi wanaogopa. Wasikilizwe.

"Waairishi wote wako upande mmoja"

Nenda Belfast, kwenye kile kipande cha kaskazini kilichobaki chini ya Uingereza. Mitaa ya Wakatoliki bendera za Palestina, vuka ukuta unaowatenganisha uingie mitaa ya Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza, unakuta za Israel zinapepea kwenye nguzo. Kila upande umechukua vita vya wengine ukavibandika kwenye vyake.

"Ireland ishasusia bidhaa za Israel"

Neno lenyewe boikoti, yaani kususia, limezaliwa Ireland, 1880 kule Mayo, wapangaji walipomtenga kabisa Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ya kabaila. Lakini muswada wa kupiga marufuku biashara na makazi ya walowezi wa Israel kwenye ardhi za Wapalestina aliuleta seneta Frances Black 2018, wabunge wengi wakauunga mkono, ukakwama miaka na miaka, serikali ikisema biashara ni mamlaka ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025 ndo serikali ikatoa rasimu yake, nayo iligusa bidhaa tu, tende, mafuta ya zeituni na vitu kama hivyo, huduma ikaziacha nje, na ugomvi mkubwa Dublin ukahamia hapo, huduma ziingie au zisiingie.