Mgomvi siyo lazima awe hajiamini

Hii utaisikia kila kona, eti mtu mbabe, anayetukana wenzake hovyo, moyoni hajiamini, anaficha unyonge tu. Marekani waliiamini mpaka jimbo la California mwaka 1986 likaunda kamati ya kuhimiza watu wajithamini, wakitegemea na uhalifu utapungua.

Ukweli haujakaa hivyo. 1998 wanasaikolojia Brad Bushman na Roy Baumeister waliwapa wanachuo insha waandike, wengine wakarudishiwa karatasi imeandikwa hii ni kati ya insha mbovu kabisa nilizowahi kusoma, halafu wakaingizwa kwenye gemu ambayo ukimshinda mwenzako unampigia makelele masikioni, we mwenyewe ndo unapanga yawe makubwa kiasi gani na yachukue muda gani. Waliopiga makelele makali hasa ni wale wanaojisikia, wale wa "mi siyo wa kawaida", na walimpigia yule yule aliyewaponda insha, mtu wa pembeni hawakuhangaika naye. Kujithamini kwenyewe, kuwe juu au chini, hakukuonyesha lolote.

Basi wengine wakakimbilia upande wa pili, kwamba kumbe kujithamini ndo kubaya, mtoto asisifiwe. Hapana bwana. Mtafiti Donnellan na wenzake 2005 waliangalia vijana wa Marekani na New Zealand wakakuta wanaojithamini kidogo ndo wana fujo zaidi, ila wanaojisikia nao wana fujo, maana hivyo ni vitu viwili tofauti, mtu anaweza kujikubali vizuri tu bila kutaka apigiwe makofi kila akifungua mdomo.

Dhana nyingine, wote wenye roho mbaya ni wale wale. Siyo kweli, anayejisikia anawaka ukimdharau, saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto, anawaka zaidi ukimchokoza kwa kumgusa mwili, na mjanja wa kupiga hesabu anaweza akakuchekea tu huku anasubiri.

Na ile ya kwamba usipomchokoza mtu hatakudhuru, mi ndo naiona mbaya kuliko zote. Kanada, kwenye utafiti uliotoka 2013, watu waliambiwa wachague kazi moja kati ya kadhaa, mojawapo ni kuwatia wadudu wenye majina, mmoja anaitwa Muffin, kwenye mashine ya kusagia kahawa (hawakufa, kulikuwa na kizuizi ndani) na waliochagua kazi hiyo ndo walioongoza kwa kupenda kuumiza. Kwenye jaribio la pili watu wa aina hiyo walikubali hata kufanya kazi ya kuchosha kwanza, ilimradi wapate nafasi ya kumpigia makelele mtu ambaye hajawafanya kitu.