Je, Wajua Kwa Nini Onyo la "Sasisha Flash Player" Haliwezi Tena Kuwa la Kweli?

Unafungua ukurasa uangalie mechi, mara kinajitokeza kijidirisha: "Flash Player yako imepitwa na wakati. Bofya hapa uisasishe." Usibofye. Adobe, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza Flash, programu ya kuchezea video na michezo ndani ya kivinjari, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 matoleo yake ya mwisho yakaanza kukataa kucheza chochote. Adobe haitoi tena toleo jipya. Anayekwambia analo anakupa kitu kingine kabisa.

Kwa nini basi watu wengi bado huamini? Kwa sababu kwa miaka mingi maonyo ya namna hiyo yalikuwa ya kweli, na kuyapuuza kulikuwa hatari.

Vivinjari vya miaka ya 1990 vilijua maandishi na picha, basi. Video na michezo vilihitaji programu-jalizi, yaani programu ya pembeni iliyochomekwa kwenye kivinjari: Flash, QuickTime, Java, na baadaye Silverlight. Kivinjari kiliikabidhi kipande cha ukurasa, nayo ikafanya kazi humo kwa uwezo uleule alionao mwenye kompyuta: kusoma mafaili yake, kuandika kwenye diski, kuwasiliana na intaneti. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kosa dogo katika programu-jalizi lilitosha kumpa mtu wa mbali nafasi ya kuendesha programu yake ndani ya mashine yako, kwa wewe kufungua ukurasa tu. Tena kusasisha kivinjari hakukuziba tundu lililokuwa kwenye programu-jalizi. Kila moja ilikuwa na masasisho yake.

Ndiyo maana vivinjari vikaanza kuonya. Julai 2015, nyaraka za Hacking Team, kampuni ya Italia iliyouza zana za udukuzi, zilipoibwa na kumwagwa hadharani, zilifichua udhaifu wa Flash ambao haukuwa umezibwa. Mozilla ikaizuia Flash ndani ya Firefox mpaka Adobe ilipotoa toleo lililorekebishwa. Watu wakazoea: onyo likija, sasisha. Matapeli wakavuna mazoea hayo. Oktoba 2017, virusi vya Bad Rabbit vilisambazwa kupitia tovuti zilizodukuliwa, zikiwemo za habari nchini Urusi, vikiwa vimevaa sura ya kisakinishi cha Flash. Aliyekifungua alikuta mafaili yake yamefungwa kwa msimbo na kudaiwa bitcoin 0.05.

Leo mlango wenyewe haupo. Chrome na Firefox ziling'oa Flash Januari 2021, katika matoleo ya 88 na 85, na video huchezwa na kivinjari chenyewe. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ambayo baadhi ya fomu zake zilitegemea Flash, ililazimika mwezi huohuo kutoa kivinjari chake maalumu ili walipakodi waweze kuzijaza. Hivyo ndivyo mlango ulivyokuwa umefungwa kabisa kwenye vivinjari vya kawaida.

Kulitambua onyo la uongo, tazama limetokea wapi. Onyo la kivinjari hutoka kwenye fremu yake, sehemu ya juu yenye anwani, au huchukua ukurasa mzima kabla tovuti haijafunguka. Kilichomo ndani ya ukurasa kimeandikwa na tovuti, hata kikiwa na nembo ya Adobe au Windows.

Usibofye hata alama ya kufunga iliyo juu ya kijidirisha hicho, kwani huenda nayo ni kitufe cha kupakua. Funga kichupo kwa Ctrl+W. Ukurasa ukijaza skrini, bonyeza Esc kwanza. Kichupo kikigoma, kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc, kichague kwenye orodha, kisha ukisimamishe. Faili likishapakuliwa bila kufunguliwa, lifute. Ukiwa umelifungua, kata intaneti, endesha ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, ambao huchukua kama dakika 15 na kuiwasha kompyuta upya, kisha badilisha nywila kwa kutumia kifaa kingine. Maonyo yakiendelea kuibuka pembeni mwa skrini, huenda uliiruhusu tovuti kukutumia arifa. Iondolee ruhusa kwenye mipangilio ya arifa ya kivinjari.

Kompyuta ya zamani huenda bado ina Flash. Sasisho la Windows KB4577586 huondoa ile iliyokuja na Windows tu. Uliyoisakinisha mwenyewe hubaki, na lazima uiondoe kupitia orodha ya programu. Kisha angalia folda za C:\Windows\System32\Macromed\Flash na C:\Windows\SysWOW64\Macromed\Flash, zikiwepo, zifute. Kama ni michezo ya zamani unayoitamani, programu iitwayo Ruffle huicheza mingi ndani ya kivinjari bila kuhitaji Flash.

Kuna ombi moja linalofanana na haya ambalo ni halali. Firefox inaweza kuomba ruhusa ya kuwasha DRM, yaani kinga ya video dhidi ya kunakiliwa, unapofungua huduma kama Netflix. Inayohitajika hapo ni Widevine, programu ndogo kutoka Google inayofungua video zilizolindwa. Ombi hutokea kwenye upau ulio chini ya anwani, na Firefox huipakua yenyewe bila kukupa faili la kufungua. Kwenye Chrome, video hizo zikikataa kucheza, andika chrome://components mahali pa anwani, tafuta Widevine, kisha uagize ikaguliwe kama ina sasisho.