Kiangazi nacho ni cha kuimbia?

Kila nikipiga "Summertime Blues" (huzuni za kiangazi) ya Mmarekani Eddie Cochran kwenye kipindi changu cha zilipendwa, hakosi msikilizaji wa kunitumia ujumbe: kiangazi nacho ni cha kuimbia? Namwelewa. Kwetu kiangazi ni vumbi na foleni ya ndoo bombani. Kwa kijana wa Marekani wa miaka ya 1950, maana yake ilikuwa shule imefungwa, hadi Septemba. Na likizo ina mwisho. Ndiyo maana nyingi ya nyimbo zao za kiangazi, ukizitegea sikio vizuri, zinahesabu siku. Kundi la The Tempos mwaka 1959 walianza kabisa na kuagana: tuonane Septemba, kama hutampata mwingine huko uendako.

Au chukua "Under the Boardwalk" ya kundi la The Drifters. Ni ya 1964, enzi ya nyimbo hizi ilikuwa inaishia, lakini siwezi kuiruka. Boardwalk ni njia ya mbao inayopita kando ya ufukwe. Beti zinakwenda kwa meja, ngazi ya sauti yenye uchangamfu: jua kali, harufu ya vyakula vya kukaanga, kitu kinakwaruza taratibu pembeni kufuata mdundo. Kiitikio kikiingia, wapenzi wako chini ya zile mbao, na muziki unageuka maina, ngazi yenye huzuni. Jua limekatika ghafla! Rudy Lewis, mwimbaji wa kundi aliyetarajiwa kuuimba, alifariki usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, mwenzake Johnny Moore akashika maiki badala yake. Tangu nilipojua hilo, ule ugeuko sijawahi kuusikia kama mbinu ya utunzi tu.

Turudi kwa Eddie Cochran na wimbo wake wa 1958. Watu huucheza kama wa raha, kumbe ni malalamiko ya kibarua. Kijana anataka kutoka na msichana wake, bosi anamng'ang'aniza kazini. Anajitia mgonjwa, nyumbani ananyimwa gari kwa kuwa hakufanya kazi. Anatishia kufika hadi Umoja wa Mataifa (hapo huwa nacheka kila mara), anaishia kwa mbunge wake, naye anamjibu kwamba angependa kumsaidia, ila umri wake wa kupiga kura bado.

Vaa hedifoni uusikilize. Wimbo hauna hata dakika mbili. Gitaa linaloubeba si la umeme, ni lile la kawaida, limepigwa kwa nguvu mpaka linasikika kama ngoma. Baadhi ya sehemu nyingine Cochran alizirekodi juu yake, tabaka kwa tabaka. Kila mkubwa anapotoa amri, vyombo vyote vinanyamaza, inabaki sauti moja nzito. Sauti hiyo pia ni yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 19, anajikataza mwenyewe.

Umri wa kupiga kura kwao California wakati huo ulikuwa miaka 21. Cochran aliutimiza Oktoba 1959. Uchaguzi wa rais ulikuwa Novemba 1960. Aprili 16 mwaka huo, akiwa ziarani Uingereza, teksi aliyopanda ilipata ajali Chippenham, na kesho yake akafariki hospitalini Bath.