Wachezaji wa Boston Bruins: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Dhana: Willie O'Ree, mchezaji Mweusi wa kwanza katika ligi ya hoki ya barafuni ya NHL, alicheza mechi 45 tu kwa sababu kiwango chake kilikuwa kidogo.

Idadi ya mechi ni kweli. Hukumu hiyo ndiyo inayoniuma. Mkanada huyu, mzaliwa wa Fredericton, alivaa jezi ya Bruins, timu ya mji wa Boston, Marekani, kwa mara ya kwanza mjini Montreal tarehe 18 Januari 1958, na jicho lake la kulia lilikuwa halioni. Alipokuwa bado ligi ya vijana, kile kisahani kigumu kinachopigwa kwa magongo kilimpiga usoni, jicho likafa. Akakaa kimya, maana wakubwa wa ligi wangejua, asingecheza. Tena alikuwa winga wa kushoto: pasi nyingi zilimjia kutoka upande asiouona. Ilimbidi ageuze shingo hadi kidevu kikaribie bega ndipo auone mchezo, huku mabeki wanamjia kwa kasi juu ya barafu. Ndani ya hali hiyo alifunga magoli 4 NHL, kisha akaendelea kucheza ligi nyingine hadi miaka ya 1970. Bruins waliistaafisha jezi yake namba 22 mwaka 2022, asiivae mwingine tena. Walichelewa mno.

Dhana: Goli la Bobby Orr, lile la picha anayoonekana akielea hewani, liliiokoa Boston.

Hapakuwa na cha kuokoa. Tarehe 10 Mei 1970 Bruins walikuwa wameshaifunga St. Louis Blues mechi 3 za fainali ya Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, ambalo huchukuliwa na anayeshinda mechi 4. Hii ilikuwa ya 4, sekunde ya 40 ya muda wa nyongeza. Orr alipaa kwa sababu beki Noel Picard alimkwatua mguu. Uzito wa goli ni mwingine: Boston ilikuwa imekaa miaka 29 bila kombe. Na huyo mfungaji alikuwa beki.

Dhana: Ray Bourque alitwaa Kombe la Stanley akiwa na Bruins.

Aliitumikia Boston zaidi ya miaka 20, na kombe akalipata akiwa na timu ya Colorado, 2001. Nahodha Joe Sakic alipokabidhiwa, hakulinyanyua. Alimpa Bourque kwanza. Siku chache baadaye Bourque alilipeleka Boston kombe hilo la timu nyingine, na maelfu wakafurika nje ya ukumbi wa jiji kumshangilia.